Kamusi ya Wote na Iandikwe na Wote

Maadamu Wikipedia ni kamusi elezo iandikwayo na watu wa kujitolea pasipo ujira, ingedhaniwa kwamba mlango wake u wazi kwa kila mja, mwanamume na mwanamke. Walakini uchunguzi wa mwaka 2011 wa Wikimedia Foundation, taasisi inayoisimamia, ulibainisha kwamba katika kila waandishi mia, wanawake hawakutimia kumi.

Kwetu Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, hasara ya uchache huo ni dhahiri. Wanawake ndio wapokeao ndagala, wale samaki wadogo, alfajiri mitumbwi irudipo kutoka ziwani, wakazianika na kuziuza. Nao ndio waliowabeba watoto Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020. Ilhali maarifa hayo yote, ya bei, ya majira na ya msiba, aghalabu huandikwa na wasioyashuhudia, au hayaandikwi kabisa.

Wala si insafu kudai kwamba hawapendi kuandika. Mama Neema Namadamu, mzaliwa wa milima ya Itombwe, alipofungua mjini Bukavu mwaka 2012 kituo cha Maman Shujaa cha kuwafundisha wanawake kompyuta na intaneti, walijifunza, wakajiandikia habari zao wenyewe. Kinachokosekana ni wasaa, umeme na fedha za mega za intaneti. Basi vyuo na parokia zetu ziwatengee akina mama chumba chenye intaneti ya bure, saa ambazo soko limetulia. Na wahariri wazoefu wa Wikipedia, ambao wengi wao ni wanaume, wawaelekeze kwa hisani badala ya kuwafutia kazi yao kwa pupa. Biashara ya ndagala ingefaa kuwa makala yao ya kwanza.