Neno la Mhariri: Mgeni Hafuati Ukarimu

Toleo hili lilikuwa liwe la kahawa. Makala za kahawa zimeshafika na zitasubiri, kwa sababu mwandishi wetu aliyeko Marekani ametuletea swali ambalo huku kwetu hatujiulizi: mbona sehemu nyingine za nchi ile wageni hawaendi? California, katika kila watu wanne, zaidi ya mmoja kazaliwa nje ya Marekani. West Virginia hawafiki wawili katika mia. Mississippi na Montana haziko mbali na hapo. Jibu lake, ukilikamua, ni kwamba watu wa huko hawapendi wageni, na wageni wana masikio.

Tuliwapa wachangiaji wetu makala hiyo waijadili, na namna walivyoipokea imenikera. Hakuna aliyeipinga. Wa Ngara waliandika kwa fahari kwamba nao ndivyo walivyo, kwao mtu haingii ovyo, lazima ajulikane ni wa nani. Wa Biharamulo walilalamika kwamba wilaya yao imevamiwa kwa kuwa wenyeji ni wapole mno, na mmoja akaongeza kwamba wenyeviti wa vijiji ni wa bei rahisi mno. Wenye fahari na wenye malalamiko wote wanaamini jambo moja: kwamba mgeni huvutwa au hufukuzwa na tabia ya mwenyeji. Sisi wa Nyamigogo, ambao wilaya hizo mbili tunazitazama kila siku, tungepaswa kuwa wa mwisho kuliamini.

Tuanze na hesabu, maana mjadala wote umeendeshwa bila namba hata moja. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 323,486 Biharamulo na 320,056 Ngara. Wilaya pacha. Sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya watu 457,000 Biharamulo, na Ngara kama 383,000. Kwa miaka kumi Biharamulo imeongezeka kwa asilimia 41, Ngara kwa asilimia 20. Nchi nzima, katika miaka hiyo hiyo, imetoka watu milioni 44.9 hadi milioni 61.7, yaani asilimia 37. Sasa nijibiwe: akina mama wa Ngara wanazaa nusu ya wenzao? Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya watoto pale Murgwanza anajua jibu. Kama watoto wanazaliwa vile vile na idadi inapanda nusu tu, basi watu wanaondoka. Wilaya inayojivunia kutoingiliwa ndiyo hiyo hiyo inayovuja.

Najua nitakachojibiwa. Operesheni Kimbunga ya 2013, msako wa serikali dhidi ya wahamiaji haramu, iliangukia katikati ya sensa hizo mbili, na maelfu ya watu walioishi huku miaka na miaka wakarudishwa Rwanda na Burundi, wengine wakiacha migomba ina mikungu. Ni kweli. Lakini Kimbunga kilipita Kagera yote, Biharamulo ikiwemo, na bado Biharamulo ikaongezeka hivyo. Na anayetaka kurudi nyuma hadi sensa ya 2002 aende kwa hadhari. Ile iliikuta Ngara na watu zaidi ya 334,000 kwa kuwa kambi ya wakimbizi ya Lukole ilikuwa bado imejaa Warundi, na Biharamulo ya mwaka ule ilikuwa na Chato tumboni mwake. Kulinganisha namba hizo na za leo ni kujidanganya, na wachangiaji wawili wamejidanganya kweli.

Sababu, kwa maoni yangu, ni plau. Nilishachekwa kwa hoja hii katika kikao cha uhariri, nami naiandika hapa kwa kuwa ukurasa huu ni wangu.

Mtu anayehamia Biharamulo kutoka Geita, Kahama au Shinyanga hahami na magodoro peke yake. Mbele wanatangulia maksai, nyuma yao mkokoteni, na juu ya mkokoteni, katikati ya madumu ya maji na banda la kuku, plau imefungwa kwa kamba ulimi wake ukitazama mbinguni. Mtoto mmoja kakalia nira. Ukiwaona barabarani huna haja ya kuuliza wanatafuta nini. Wanatafuta uwanda, ardhi ambayo jozi mbili za ng'ombe zitakwenda mbele mpaka zichoke bila kukutana na mpaka wa mtu. Biharamulo inao uwanda huo, na unaota mahindi, mihogo, pamba na tumbaku. Sasa mchukue mtu huyo na plau yake umpeleke Bugufi, huko Ngara, umpandishe milima ya Mabawe au Kirushya. Shamba limeinama. Mgomba umebanana na mbuni, maharage yako chini yake, na mpaka ulipandwa na babu wa mtu ambaye wajukuu wake saba wanaugombania. Maksai wangegeukia wapi, kwa jirani? Huko jembe la mkono ndilo mfalme, na mgeni hana mahali pa kulipiga.

Wala uwanda wa Biharamulo haukuwa wazi kwa bahati. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifagia ng'ombe, pori likapanda palipokuwa malisho, mbung'o wakafuata pori, malale yakafuata mbung'o. Waingereza walipokuja waliwahamisha watu na kuwakusanya katika makazi yaliyotengwa ili waepukane na mbung'o, na nyuma yao msitu ukajifunga. Sehemu ya msitu huo ikawa mapori ya akiba, ambayo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Sehemu nyingine ikabaki pori tu, mpaka walipokuja wenye shoka na maksai. Wanaosema Biharamulo imevamiwa wakumbuke kwamba Wasubi na Wazinza walishaondolewa kwenye ardhi hiyo kabla Msukuma wa kwanza hajafunga nira. Bugufi haikupata kuwa tupu namna hiyo. Ilipokatwa kutoka ufalme wa Burundi na kutiwa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa imeshajaa, na vijana wake walikuwa wakishika njia ya Buganda kutafuta kibarua kwenye pamba na kahawa za wenzao. Kuondoka kwa watu wa Ngara ni jambo la tangu enzi za babu zetu, ila hatujalipangia toleo.

Mwenyekiti wa bei rahisi, basi? Yupo, sikatai. Lakini tazameni utaratibu wenyewe. Mgeni huleta barua ya utambulisho kutoka kijiji alikotoka, ina mhuri wa mtendaji, imekunjwa mara nne na kutunzwa kwenye mfuko wa nailoni. Serikali ya kijiji inaipokea, mkutano mkuu unajadili, akikubaliwa anaonyeshwa eneo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ni hiyo hiyo Biharamulo na Ngara. Tofauti ni kwamba mtendaji wa Ngara akishaisoma barua hana cha kugawa. Tunachokiita ukali wa Mhangaza wa Ngara ni ukosefu wa ekari, na tunachokiita upole wa Msubi wa Biharamulo ni ekari zilizokuwepo. Mpe Msubi kilima cha Mabawe na wajukuu saba, umwone atakavyokuwa mpole.

Usalama nao si hoja. Kulikuwa na miaka ambayo basi halikuingia misitu ya Biharamulo bila askari mwenye bunduki kukaa kiti cha mbele, na miaka hiyo hiyo mikokoteni iliendelea kuja. Dhahabu ya Tulawaka, iliyochimbwa kati ya 2005 na 2013 kabla mgodi haujaingia mikononi mwa STAMICO, shirika la madini la serikali, na njia panda ya Nyakanazi, ambako malori ya Rusumo yanakutana na mabasi ya Kigoma, zimevuta watu wao. Nazitaja nisije nikaambiwa nimezisahau.

Kama ukarimu ungekuwa sumaku, Ngara ingekuwa jiji. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, wakajaza Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni iliyokuwa ikijenga barabara. Wanavijiji wa Ngara waliona miti yao ikikatwa mpaka mizizi, visima vikikauka, mihogo ikichimbwa usiku, na kwa sehemu kubwa walivumilia. Desemba 1996 serikali na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa wakatangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kabla ya mwaka kwisha. Baadhi walijaribu kukimbilia ndani ya nchi, wakageuzwa njiani, wakavushwa daraja. Leo Benaco ni kituo cha malori, penye chipsi na nyumba za wageni. Wale watu hawakuichagua Ngara, Ngara ilikuwa tu upande wa pili wa daraja. Nasikitika kwamba mchangiaji wetu wa Rulenge ameutumia mwaka ule wa 1996 kuonyesha kwamba Ngara "inajua kulinda mipaka yake."

Nirudi Marekani, ambako mwandishi wetu ana ushahidi mzuri kuliko hitimisho lake. West Virginia anayoiona leo haina wageni ilikuwa na wageni tele. Tarehe 6 Desemba 1907 mgodi wa makaa ya mawe wa Monongah ulilipuka, ukaua watu 362 kwa hesabu rasmi, wengi wao Waitaliano na watu wa Ulaya ya Mashariki waliokuwa wamefika juzijuzi. Milima ni ile ile, na wenyeji, nijuavyo, hawakuwa wacheshi zaidi wakati ule. Kilichokuwepo ni kazi iliyohitaji mikono bila kuuliza lugha. Mashine zilipoingia migodini na makaa yakashuka thamani, hata wenyeji wakaanza kuondoka. Ngara, hiyo.

Upande wa pili aitazame Garden City, Kansas, mji mdogo uwandani, mbali na bahari zote. Viwanda vikubwa vya nyama ya ng'ombe vilipofunguliwa hapo miaka ya 1980 walifika Wavietnam, wakafika Wameksiko, baadaye Wasomali. Sijasikia aliyekwenda kwa kuambiwa kwamba watu wa Kansas wanatabasamu. Kisu cha machinjioni hakidai Kiingereza.

Mfano unaonisumbua ni Lewiston, Maine, nao sitauficha. Wasomali walianza kuhamia huko mwaka 2001, wengi wakitoka miji mingine ya Marekani walikopelekwa kwanza, na baada yao wakaja Wabantu wa Somalia, ambao miongoni mwao wapo wenye asili ya Uzigua wetu. Lewiston haikuwa na mgodi wala machinjio ya kuwaita. Hapo ni kweli walitafuta utulivu, na aliyetangulia alimwita nduguye. Lakini walipanga wapi? Katika nyumba zilizobaki wazi viwanda vya nguo vilipokufa. Mbung'o wa Lewiston alikuwa kufilisika. Na mwaka 2002 meya wa mji aliwaandikia Wasomali barua ya wazi akiwaomba wapunguze kasi ya kuja, kwamba mji umeelemewa. Waliendelea kuja. Mnaoamini kwamba mgeni hufukuzwa na sura ya mwenyeji, mtaiweka wapi barua hiyo?

Yaliyobaki katika toleo hili niyapitie upesi. Makala ya Kimbunga imeandikwa na aliyekuwa karani wa kata na ni nzuri kuliko yote. Sina la kuongeza. Ile ya ndoa za mpakani itawaudhi wazee, waisome. Makala ya uvuvi wa ziwa Burigi haihusu uhamiaji, tumeiingiza kwa sababu tulimwahidi mwandishi tangu mwaka jana. Mashairi yako ukurasa wa nyuma. Makala moja tumeikataa, ile iliyowaita majirani zetu wa Burundi mizigo kuanzia kichwa cha habari hadi mstari wa mwisho. Mwandishi wake ananiambia tumemziba mdomo. Angetuletea hesabu ya nani anayevuna kahawa ya babake msimu ukifika, tungemchapa.

Hoja yangu ya plau nayo itapimwa karibuni, tena Ngara kwenyewe. Nikeli ya Kabanga inajulikana tangu miaka ya 1970, na Januari 2021 serikali iliingia mkataba uliounda kampuni ya Tembo Nickel, ikiwa na asilimia 16 ya hisa. Mgodi hauhitaji uwanda. Unahitaji mafundi, madereva, mama lishe na wapangishaji wa vyumba, na hakuna atakayeulizwa ni wa nani. Ukianza kuchimbwa kwa nguvu nikaona Kabanga imebaki ya Wahangaza peke yao, nitaifuta hoja hii katika ukurasa huu huu. Ikijaa watu, kama ninavyotarajia, wa kuangaliwa si wageni. Tuwaangalie wa Ngara walioko Nyakanazi, Kahama na Geita: nani atarudi, na atakuta kiwanja cha nani.

Toleo lijalo ni lao. Makala zisizidi maneno elfu mbili, na ziandikwe na aliyeondoka mwenyewe, si kaka yake aliyebaki nyumbani.