Kadibodi, gundi na chumba cha Lamu

Mzazi mwenzangu, ukimkuta mwanao anayesomea usanifu wa ndani ya majengo amejaza kadibodi mezani, usimwambie anachezea maboksi. Karo yako inafanya kazi. Kompyuta humchorea ukuta wowote autakao. Kadibodi ikipinda, humwonyesha palepale kuwa umbo hilo halisimami.

Nawe mwanafunzi, kama unatafuta cha kutengenezea modeli, chukua chumba cha nyumba ya mawe ya Lamu. Kwa kipimo cha 1:20, mita 1 huwa sentimita 5. Vyumba vile ni virefu lakini vyembamba, upana wake mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haziendi mbali zaidi. Panga vijiti vya mishikaki, ubonyeze kwa kidole. Kisha panua chumba mara mbili, ubonyeze tena: vinapinda. Aliyeamua upana wa chumba ni mti, si fundi.

Kuta nazo ni nene, karibu nusu mita, kwa hiyo gundisha kadibodi tabaka juu ya tabaka hadi sentimita 2.5. Usiharakishe hapa. Bila unene huo hakuna pa kuchimba zidaka, na kwangu mimi zidaka ndizo uzuri wote wa chumba.

Gundi ikikauka, mulika tochi ya simu mlangoni, uchungulie ndani jicho likiwa sentimita 8 juu ya sakafu. Hapo ndipo angeona mtu aliyesimama humo.