BARAZANI: Siku Moja Shimoni

Mwezi uliopita niliahidi kuwaandikia habari za kisiwa cha Wasini. Sikujua ya kuwa nafasi yangu yote itakwisha ng'ambo ya huku, gatini, kabla hatujatia mguu chomboni. Lakini ndivyo yalivyokuwa, nami naona afadhali niandike yaliyotupata kuliko yale niliyokusudia.

Tulikuwa watu sita: mimi, mke wangu, watoto wetu watatu, na mama yangu mzazi ambaye mwaka huu ametimiza miaka themanini. Tulitoka Kisauni asubuhi, tukavuka daraja la Nyali, tukapita mjini Mombasa hata Likoni, tukangoja feri pamoja na umati wa watu na baiskeli na vikapu vya kuku. Mama husali kila avukapo hapo, wala simlaumu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, jirani kabisa na Likoni, ilipinduka kwa kupakia watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 250 walikufa maji. Sisi wa Mombasa wengi wetu tulimjua mmoja wao, au twamjua aliyefiwa.

Kutoka Likoni barabara yafuata pwani kuelekea mpaka wa Tanzania: Ukunda, Msambweni, kisha Ramisi na mashamba ya miwa. Mbele kidogo waiacha barabara kuu, washika mkono wa kushoto, na baada ya kilomita 15 hivi njia yafika baharini na kukoma. Hapo ndipo Shimoni. Sisi tungalifika saa nne asubuhi, lakini tairi lilipasuka karibu na Msambweni na la akiba halikuwa na pumzi. Kosa ni langu. Mke wangu alinikumbusha kulitazama tangu jana yake. Tukafika saa tisa alasiri.

Nahodha tuliyeagana naye kwa simu alikuwa ameketi juu ya ukuta wa gati. Akasimama, akamwamkia Mama kwa adabu, akatazama watoto, akatazama maji. Ulikuwa mwezi wa Agosti, kusi imekaza. Akaniambia, “Mwalimu, kuvuka twavuka kila siku, wala Wasini si mbali, nusu saa haifiki. Lakini kwa mama huyu, na mkondo ulivyo sasa, heri asubuhi. Alfajiri bahari hulala.” Nilitaka kubishana naye, maana chumba nilikwisha kulipia huko kisiwani. Mama akanigusa mkono. Tukakaa.

Wapendwa, mji wa gatini ni kama mlango wa nyumba ya watu: nani autazamaye mlango? Magari ya watalii huja Shimoni mapema, wageni hushuka, huingia chomboni, huenda kuwatazama pomboo na matumbawe katika hifadhi ya Kisite na Mpunguti, jioni hurudi, hupanda magari, huondoka. Waulize Shimoni kuna nini, watakuambia kuna gati. Mimi nami nimepita pale mara mbili zamani kwa namna hiyo hiyo.

Jioni ile tuliona mengine. Tuliona wavuvi wakipandisha samaki, changu na tafi na nguru mmoja mrefu kuliko mtoto wangu wa mwisho, na wanunuzi wakigombana bei kwa maneno ya Kivumba ambayo mke wangu, mtu wa Taita, hakupata hata nusu yake. Tulikutana na akina mama wa Kibuyuni, kijiji cha jirani, wanaolima mwani baharini kwa kufunga miche kwenye kamba, maji yakipwa. Mmoja alimwonyesha binti yangu vidole vyake vilivyochanika kwa chumvi na kamba, akamwambia asome sana. Tuliona pia magofu ya mawe ya kale. Maana ile Kampuni ya Waingereza iliyopewa hati mwaka 1888 kutawala nchi hizi ilikuwa na kituo chake hapa, kabla Serikali haijatwaa mambo mikononi mwake mwaka 1895.

Kisha tukaenda pangoni.

Jina la mji ndilo pango lenyewe. Liko hatua chache tu kutoka gatini, chini ya miti mikubwa, nawe washuka kwa ngazi. Kiingilio hukusanywa na wanakijiji wenyewe kwa ajili ya haja zao. Aliyetuongoza ni mzee wa pale, mwenye kanzu na kofia ya viua. Alitueleza polepole, kama mtu asemaye habari za nyumba yake. Ndani mna giza na popo, na kisima cha maji matamu. Ukutani mna vyuma vilivyokula kutu. Wazee wa Shimoni wasimulia ya kuwa mateka walifichwa humo kungojea vyombo vya kuwavukisha. Wazee hao hao wasema kwamba zamani zaidi pango lilikuwa maficho ya watu wa mji walipovamiwa, na wengine hata leo huenda humo kuomba dua. Basi si pango la habari moja.

Hapa yanipasa kueleza jambo kwa walimu, maana najua vitabu vya shule hulipita mbio. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu ya Unguja, lakini ya Pemba haikudhurika sana. Watu wakapanda mikarafuu Pemba kwa wingi, na karafuu yataka mikono ya kuichuma. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mapatano na Waingereza: soko la watumwa la Unguja likafungwa, na kuwachukua watu kwa njia ya bahari kukakatazwa. Mtu angedhani mambo yamekwisha. Sivyo. Wafanya biashara waliwatembeza mateka kwa miguu kandokando ya pwani, kutoka pande za Kilwa kwenda kaskazini, wakatafuta mahali pembamba pa kuvukia usiku kwenda Pemba. Ndipo pwani hii ya kaskazini ilipopata kazi mpya. Utumwa haukuondolewa katika sheria ya Unguja na Pemba mpaka 1897, na kwetu Kenya mpaka 1907. Yaani mtu aliyezaliwa mtumwa kwa sheria angeweza kabisa kumpakata mama yangu.

Na mmoja alimpakata. Hilo ndilo jambo ambalo watoto wangu hawakulijua.

Mama alifika kwenye ngazi za pango, akashika ukuta, akasimama. Binti yangu, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa amekwisha kushuka, akageuka akauliza, “Bibi, mbona huji?” Mama hakujibu upesi. Nilitaka kumjibia kwamba miguu inamwuma, nikafungua kinywa, lakini yeye akatangulia kusema: “Bibi yangu alipita katika mahali kama hapa.”

Mimi nilijua tangu ujana. Mke wangu nilimwambia tulipochumbiana. Lakini nyumbani kwetu, mbele ya watoto, husema tu, “Sisi ni watu wa Kisauni.” Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wazao wa Freretown au wa Rabai, nao wajua kwa nini twasema hivyo. Mtoto wa misheni aliulizwa kabila lake shuleni akakosa la kusema, wenzake wakamjibia jina la aibu. Baba zetu wengine walijitafutia kabila la jirani wakajiandikisha nalo. Si uongo wa kuwalaumu. Lakini nyumba yenye neno lisilotajwa, watoto hulinusa.

Mama akaketi juu ya jiwe nje ya pango, watoto wakamzunguka. Aliyoyasema niliyasikia mara mbili tu maishani, na ile ilikuwa ya pili. Bibi yake mzaa mama alichukuliwa kwao akiwa na miaka saba hivi, katika miaka ya 1880. Jina la kwao alilitamka kwa namna ambayo hakuna mtu wa Freretown aliyeweza kulitambua, na baadaye hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika nalo. Walitembea siku nyingi. Walifichwa mahali penye giza karibu na bahari, maana alisikia mawimbi asiyaone. Usiku wakatiwa jahazini, na kulipopambazuka mashua ya askari wa bahari wa Kiingereza ikalifukuza jahazi na kulikamata. Watoto wakapelekwa Freretown, ile makao iliyoanzishwa mwaka 1875 kwa watu waliokombolewa, ambayo kengele yake imepaacha mahali na jina la Kengeleni mpaka leo. Huko alifundishwa kusoma na kushona. Viboko pia vilikuwako, alisema, hakuficha.

Tangu siku ile hakuingia chomboni tena. Freretown iko bara, na Mombasa ni kisiwa. Watu wakivuka kwa mashua kwenda sokoni, yeye alibaki ufukoni. Daraja la kuelea la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1931, ndipo alipovuka kwa miguu, akaiona mitaa ya Mombasa aliyoitazama ng'ambo zaidi ya miaka arobaini. Mama alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja bibi huyo alipofariki.

“Basi alikuwa humu?” akauliza mwanangu mkubwa, akionyesha pango kwa kidole. Mama akasema, “Sijui. Wala yeye hakujua. Mahali pa namna hii palikuwa pengi.” Nawaomba walimu mwangalie neno hilo. Ingalikuwa rahisi kusema ndiyo.

Mdogo wao, mwenye miaka minane, alikuwa amenyamaza muda wote. Akauliza kwa sauti ndogo, “Kwa hiyo sisi ni watumwa?” Mama akamvuta karibu. “Bibi yangu aliibwa. Mtu akiibiwa mbuzi, je, twamcheka mbuzi?” Mtoto akafikiri, akasema la.

Lakini mkubwa, aliye kidato cha pili na mwenye moto wa umri huo, akamgeukia yule mzee wa pango akamwambia kwa ukali, “Na ninyi wa hapa mlikuwa upande gani?” Niliona haya hata masikio yakawaka. Nikaanza kumkemea. Mzee akaniinulia mkono ninyamaze. Akamwambia, “Mwanangu, wengine walishika kamba, na wengine walifungwa nayo. Mimi kwetu wote wawili wamo. Bibi mmoja aliolewa na mwenye jahazi, na bibi mwingine alinunuliwa. Nikiwakasirikia, nimkasirikie yupi?”

Nalisema hili wazi kwa nyumba za Kikristo, kwa sababu nimewasikia baadhi yetu wakiwafundisha watoto habari hizi kana kwamba ni dhambi ya dini moja au kabila moja. Pembe za ndovu ziliwapandisha bei watu wa bara waliouza jirani zao. Karafuu zilinunuliwa na masoko ya Ulaya na Marekani ambayo hayakuuliza zilichumwa na nani. Mwenye kutaka kumfundisha mtoto, na amfundishe yote, au angoje mpaka mtoto aweze kuyabeba yote. Kuhusu umri, mimi na mke wangu tulibishana usiku kucha. Yeye aona miaka minane ni michache mno, kwamba mdogo wetu angengoja. Mimi naona mtoto atakayeyasikia kwanza kwa mwenziwe shuleni, kama tusi, amedhulumiwa zaidi. Hatukupatana. Labda ninyi mtuandikie mfanyavyo nyumbani kwenu.

Tulilala katika nyumba ya wageni nyuma ya soko la samaki, vyumba viwili vyenye vyandarua, safi. Chakula kilikuwa changu wa kupaka na wali, na kwa bei ambayo mjini ungepata mchuzi peke yake. Kwa mtu apendaye kufuata njia hii nasema: ulizeni habari za upepo kabla ya kuuliza bei, pataneni nauli kabla ya kuingia chomboni, chukueni fedha taslimu na kofia. Na mkubali kulala Shimoni usiku mmoja hata kama bahari ni shwari.

Sikujua kama Mama atavuka. Sikumwuliza. Alfajiri nilimkuta gatini kabla yetu, amejifunga khanga mbili, anaitazama Wasini, ambayo wakati ule huonekana nyeusi, kisha kijani, kisha nyeupe kando-kando palipo na mawe. Bahari ilikuwa imelala kama nahodha alivyosema. Alipotusogezea chombo, Mama akamwita.

“Mwanangu, chombo hiki huchukua watu wangapi?”

“Kumi na wawili, Mama.”

“Na leo tu wangapi?”

“Tisa, pamoja na mimi na kijana wangu na mwalimu mmoja wa Mkwiro.”

“Jaketi za kuokolea zipo za watu wote?”

Nahodha akamwonyesha moja moja. Mama akavaa yake juu ya khanga, akakataa mkono wangu, akashika bega la mwanangu mkubwa, akaingia. Akaketi katikati, mdogo akiwa magotini pake. Mashine ikawashwa saa kumi na mbili na nusu.

Habari za Wasini na maji yake ya mvua, na ile njia ya mbao ya akina mama juu ya bustani ya matumbawe, nitaziandika mwezi ujao, Mungu akipenda.