Maziwa ya Ngamia Hayafiki Mapafuni

Wasee wa Habaswein, ukichomelea paipu yenye zinki halafu usiku homa ikutetemeshe, utaambiwa dawa ni maziwa ya ngamia. Nayapenda, wallahi, lakini yanaenda tumboni, na ule moshi mweupe uko mapafuni. Homa ya zinki huisha yenyewe siku moja au mbili. Maziwa yanapewa sifa ya bure tu.

Na shuka uliyojifunga usoni? Inapunguza vumbi la barabarani, si moshi huo. Tangu 2017 wataalamu wa saratani wa WHO wameuweka kundi moja na sigara. Vaa N95, parua zinki kwanza, choma nje upepo ukitoka ubavuni.

Sheria ya usalama kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga. Boss akikuletea pakiti ya maziwa badala ya barakoa, mwambie ayanywe yeye.