Mkanda wa Risasi Sandukuni

Dada mmoja msomaji ametuletea swali. Walipofungua sanduku la marehemu babu yao walikuta mkanda mpana wa ngozi wenye vifuko tisa, nao watoto wameshauvaa begani na kuchezea ukumbini. Je, auuze, au aupake mafuta ung'ae?

Kwa sifa alizozitaja, huo ni mkanda wa jeshi la Uingereza wa mtindo wa mwaka 1903, waliouvaa askari wa farasi hata katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kila kifuko huchukua risasi kumi, tano tano katika kibanio cha chuma. Jumla yake 90. Askari wa miguu hawakudumu nao, kwani mwaka 1908 ulitoka mtindo wa mikanda ya pamba nzito iliyofumwa. Lakini dada asikimbilie kusema babu alipanda farasi. Wazee wetu wengi wa vita vile walikuwa wapagazi wa Kariakoo, na mkanda huenda ulinunuliwa baadaye.

Kwanza, watoto wavuliwe leo hii. Kisha mtu mzima ainue vifuniko taratibu na achungulie bila kutia kidole. Risasi ya miaka 100 yaweza kuwa hai bado, na sheria ya Kenya hairuhusu mtu kuiweka bila cheti. Ikionekana, isichomolewe wala isibebwe. Chumba kifungwe, polisi waitwe.

Ama mafuta, hapo mimi mwenyewe nilikosea. Ujanani nilinunua mkanda kama huo kwa muuza vikuukuu wa Mwembe Tayari, nikaushindilia mafuta ya nazi siku tatu. Ngozi ikageuka nyeusi, masika ikaota ukungu, na chapa ya ndani ikafutika: ule mshale mpana wa serikali, jina la mtengenezaji na mwaka. Wakusanyaji hutazama chapa kabla ya kitu kingine. Hadi leo sijui mkanda wangu ni wa mwaka gani.

Basi, dada, tumia brashi laini kavu. Kutu ya kijani kwenye vishikizo vya shaba ikwanguliwe kwa kijiti. Ufunge mkanda kwa kitambaa cha marekani, si mfuko wa plastiki, uulaze pasipo kuukunja. Na kabla ya kutaja bei, muulize shangazi mkubwa aliyebaki mkanda ulifikaje nyumbani, uandike majibu yake na tarehe, karatasi uitie katika kitambaa hicho hicho.