Chembe za Shavu na Kipimo cha Kisukari

Hakuna mwanafunzi aliyepita katika maabara ya biolojia asiyekumbuka siku alipokwangua ndani ya shavu lake kwa kijiti cha meno, akapaka ute ule juu ya kioo, akadondosha buluu ya methilini na kuviona kwa hadubini viini vya chembe zake mwenyewe. Zoezi hilo tulilihesabu kuwa la watoto. Siku hizi limerudi kwa heshima, maana wako wataalamu wanaotumaini kwamba chembe hizo hizo zaweza kueleza kama mgonjwa wa kisukari anaimudu sukari yake, pasipo kumtoa damu. Naliunga mkono wazo hilo, ila si kwa sababu inayotajwa mara nyingi.

Sababu inayotajwa ni uchungu wa sindano. Kwa maoni yangu ni sababu nyepesi: mgonjwa aliyesafiri kilomita 30 kwenda kliniki hashindwi na tone la damu. Sababu nzito imo katika damu yenyewe.

Kipimo kinachotumika hospitalini chatokana na jambo alilolichapisha Samuel Rahbar wa Iran mwaka 1968, kwamba wagonjwa wa kisukari wana hemoglobini ya namna ya pekee kwa wingi kuliko watu wengine. Baadaye ikafahamika kuwa ni hemoglobini iliyogandiwa na sukari. Sukari hujishikiza yenyewe, bila kimeng'enya, kama masizi yanavyoshika makuti ya paa la jiko: moshi ukizidi na siku zikizidi, masizi huzidi. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Kwa hiyo kipimo husimulia habari za miezi miwili mitatu iliyopita. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikubali kiwango cha asilimia 6.5 kitumike kuutambua ugonjwa wenyewe.

Lakini paa likiezekwa upya kabla ya wakati, nani atajua moshi ulikuwa kiasi gani? Chembe nyekundu za mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Malaria nayo huziharibu chembe kabla ya umri wake. Upungufu wa madini ya chuma, kinyume chake, huelekea kukipandisha kipimo. Hata aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, naye haumwi lolote, hasalimiki: utafiti juu ya Wamarekani weusi, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa kwa sukari ile ile kipimo cha watu hao kilikuwa chini kwa wastani wa pointi 0.3. Urithi huo ni wa kawaida kandokando ya Ziwa Victoria na katika mwambao wetu. Mtu aliyestahili kuambiwa 6.6 akiambiwa 6.3 hurudi nyumbani akishukuru, huku maradhi yakiendelea kumla macho na mafigo.

Chembe ya shavu haina hemoglobini, wala vimelea vya malaria havikai ndani yake. Watafiti, wa Brazili na India miongoni mwao, wameeleza kuwa viini vyake kwa wagonjwa wa kisukari huonekana vikubwa kuliko kawaida. Ni dalili njema, lakini tusikimbilie. Viini hutanuka pia kwa wavutaji wa tumbaku na kwa wenye upungufu wa vitamini B12 au foleti. Na watafunaji wa tambuu na ugoro yafaa wahesabiwe peke yao. Tena utando wa shavu hujibadilisha kwa muda wa wiki chache, hivyo hauwezi kusimulia habari za miezi mitatu.

Kosa kubwa zaidi ni la kukihakiki kipimo. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja aliniletea pendekezo la kuzilinganisha chembe za shavu za wagonjwa na hemoglobini yao. Nilimrudishia. (Alinuna kidogo, nami namwelewa.) Ukiijaribu mizani mpya kwa jiwe unalojua limepungua uzito, na vikapatana, umepata nini? Shavu likipatana na hemoglobini ya mwenye selimundu, limepatana na uongo. Ulinganisho wa haki ni sukari yenyewe, ipimwe kwa tone la kidole mara kadhaa kwa siku, kwa wiki mbili tatu mfululizo, wagonjwa wakiwa wametengwa kwanza kwa aina ya hemoglobini.

Baada ya mwezi kijana alirudi na pendekezo jipya. Jedwali lake lilikuwa na safu ya aina ya hemoglobini, na bajeti yake imeongezeka mara tatu. Nililitia sahihi.