Ujasiri wa Kufumba Macho

Uko ushauri mmoja unaopendwa na wacheza poka, nami nauona kuwa ni upuuzi uliovishwa joho la ushujaa. Husema hivi: ukiwa na karata nne za kopa na unaingoja ya tano, usisite, weka dau, mtishe mwenzako. Akikimbia, umeshinda. Asipokimbia, huenda kopa ikatokea. Sasa utashindwa wapi?

Nilishindwa mimi. Mwaka 2005 nilikuwa nikicheza usiku kwenye intaneti, mchezo ule wa dau lenye kikomo, na ushauri huo ukanilia akiba ya miezi mitano.

Sikatai kwamba mbinu yenyewe ina maana. David Sklansky, Mmarekani aliyeandika The Theory of Poker, aliieleza vizuri: ni kuweka dau kwa karata ambazo kwa sasa hazielekei kushinda, lakini zina nafasi ya kuja kuwa bora. Mimi nakiita kitisho chenye akiba. Kina miguu miwili: wa kwanza ni mwenzako kutupa karata zake, wa pili ni kutokea kwa karata unayoingoja. Mashujaa wetu huuhesabu mguu wa pili, na ule wa kwanza huudhania tu.

Haya, tuhesabu. Chukua meza ya dola 2 na 4. Karata tatu zikishafunuliwa mezani, kopa yako ina nafasi ya asilimia 35 hivi ya kutokea katika mbili zilizobaki. Karata ya nne ikija bila kopa, nafasi hushuka hadi 9 katika 46, yaani chini ya asilimia 20. Na hapo hapo dau hupanda kutoka dola 2 hadi 4! Tumaini limepungua karibu nusu, gharama imekuwa maradufu, na ndipo wanapokazana kupiga kifua.

Tuseme mezani pana dola 20, mmebaki wawili, na ukipita bila kuweka dau mwenzako atakuachia uione karata ya mwisho bure. Tukiyaacha madau ya mwisho kabisa, ukiweka dola 4 ni lazima atupe karata zake takriban mara moja katika kila nane, la sivyo ungepata zaidi kwa kupita. Je, mtu mwenye jozi mkononi, anayedaiwa dola 4 ili agombee 24, atatupa? Wengi niliocheza nao hawakutupa. Kikomo kinakunyima silaha ya kumtisha kwa wingi wa fedha.

Ikiwa mwenzako ni mtu wa kuweka dau kila unapopita, na si mwepesi wa kupandisha, hapo kumtangulia kuna maana, kwani hizo dola 4 ungezitoa vyovyote. Hiyo ni hesabu, si ushujaa.

Wapo watakaonijibu kwa Cepheus, programu ya Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, ambayo mwaka 2015 watafiti wake walitangaza kuwa imeukaribia mno ukamilifu katika mchezo huu wa watu wawili; nayo hutishia. Ndiyo, hutishia. Lakini imekokotolewa kwa ajili ya mpinzani asiyekosea, wala haina hasira ya dau lililopotea. Mimi nilikabili watu, mara nyingi watatu au wanne kwa pamoja. Kuwakimbiza wote ni ndoto.

Kwenye intaneti huna uso wa kuutazama. Una kumbukumbu tu. Basi kabla ya kuzihesabu kopa zako, hesabu ni mara ngapi mtu huyu ametupa karata mbele ya dau. Kama hujui, pita. Wataita woga. Lakini mwoga nilikuwa mimi wa usiku ule: niliogopa kuonekana mwoga na watu ambao hata hawakuwa wakiniona.